Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Waulizwe kabla ya dripu ya kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Ombi langu ni swali moja liongezwe kwenye fomu anayosaini mwanamke mwenye saratani ya matiti kabla hajaanza kemo, yaani dripu za dawa kali za kuua saratani: bado unataka kuzaa? Daktari aulize, jibu liandikwe kwenye faili.

Mimi ni muuguzi Dar es Salaam, kazi yangu kutundika dripu. Kwenye viti vyangu wanakaa mabinti wa miaka 26, wa 31, wengine mahari ndiyo kwanza imetolewa. Habari za kunyonyoka nywele wameshaambiwa na kila mtu. Hata mkojo kuwa mwekundu baada ya doksorubisini, dawa ya kemo yenye rangi nyekundu, tunawaonya, wasishtuke. La kizazi halitajwi. Siklofosfamidi, tunayoitoa pamoja na hiyo nyekundu, huua mayai kwenye ovari, na yakishakufa hayaoti mengine. Wengi wanalijua hilo hedhi ikishakata. Wakwe ndio wa kwanza kuuliza.

Na dawa ipo. Goserelini ni kipande kidogo kama punje ya mchele, kinachochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, kikalaza ovari wakati kemo inapita. Ianze angalau wiki moja kabla ya dripu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwa wagonjwa ambao saratani yao haitegemei homoni, ulikuta baada ya miaka miwili ovari zimegoma kwa asilimia 8 ya waliochomwa, na asilimia 22 ya wasiochomwa. Kinga kamili siyo. Lakini wala si dawa ngeni: wazee wetu wenye saratani ya tezi dume wanachomwa hiyohiyo. Bima imtambue na binti.

Kugandisha mayai ni habari nyingine. Kunataka wiki mbili hivi za sindano, na bei yake mshahara wangu hauisogelei. Sidai serikali ilipie kesho. Nadai mgonjwa aambiwe kwamba kupo, akitaka kuuza kiwanja auze. Wiki hizo mara nyingi zinapotea hivihivi tukisubiri majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe.

Wapo wenzangu watakaosema kwanza apone, mtoto baadaye. Nimelisikia likisemwa mbele ya mgonjwa kana kwamba hayupo. Basi wasome utafiti wa POSITIVE wa 2023: wanawake waliositisha dawa za kuzuia homoni hadi miaka miwili ili wabebe mimba, saratani haikuwarudia zaidi kuliko wenzao katika kipindi kifupi walichofuatiliwa.

Na asiulizwe mwenye pete peke yake. Tusiyemwona na mume huwa tunampita, na mwenye mume anajibiwa na mume. Aulizwe mwenyewe, faragha.

Naomba jibu lako kabla bajeti ya wizara haijasomwa Dodoma.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa wodi ya saratani