Mpwa wangu, aliyefunga nyingi siye aliyeibeba timu

Marahaba, mpwa wangu. Umeniandikia kwamba katika ile mechi ya kikapu, yule wa pointi 24 ndiye aliyeibeba timu, na wa pointi 18 alikuwa msindikizaji. Sikubaliani nawe. Chukua kalamu tuhesabu.

Mashambulizi, yaani zamu za kuumiliki mpira, ndiyo mtaji wa timu ya kikapu, na katika mechi timu zote mbili hupata idadi inayokaribiana. Basi uliza kwanza mchezaji ametumia mangapi. Chukua mitupo yake ya uwanjani, kisha ongeza mitupo huru ukiwa umeizidisha kwa 0.44. Kwa nini isiwe 0.5, maana kwa kawaida mitupo huru huja miwili kwa shambulizi? Kwa sababu anayefunga huku akichezewa faulo hupewa mtupo huru mmoja ndani ya shambulizi lile lile, na mtupo huru wa faulo ya kiufundi, kama ya kumbishia mwamuzi, haumalizi shambulizi.

Wa pointi 24 alitupa mara 24, na mitupo huru 5: jumla 26.2. Wa pointi 18 alitupa mara 11, na mitupo huru 5: jumla 13.2. Yaani nafasi 13 zaidi zimeleta pointi 6 tu! Timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, siku hizi hupata zaidi ya pointi 1.1 kwa shambulizi, kwa hiyo nafasi hizo mikononi mwa wenzake zingeleta kama 14. Gawanya pointi kwa mara mbili ya jumla ile, utapata ufanisi halisi: asilimia 45.8 kwa wa kwanza, 68.2 kwa wa pili. Nakubali, mtegemewa hurushiwa mpira sekunde 24 za kila shambulizi zikiyoyoma na analazimika kutupa. Mpunguzie lawama kidogo, lakini usimfutie hesabu.

Ulinzi haumo humo. Shane Battier alimaliza NBA akiwa na wastani wa chini ya pointi 9, lakini timu yake ya Houston ilimthamini sana kwa kuwalazimisha nyota kutupa kutoka mahali wasipopapenda. Mtu kama huyo utamwona kwenye plasi-mainasi: timu ilizidi au ilizidiwa pointi ngapi yeye akiwa uwanjani. Ila usiisome kwa mechi moja. Anayecheza ubavuni mwa nyota kama Nikola Jokić muda wote huvuna asichopanda.

Ndiyo maana watakwimu huikata mechi vipande kila anapobadilishwa mchezaji. Kwa kila kipande huandika wachezaji 10 waliokuwemo na tofauti ya pointi, kisha kompyuta humpimia kila mmoja mchango wake ikizingatia wenzake na wapinzani. Hesabu hii hukwama kwa wawili wanaoingia na kutoka pamoja siku zote. Haijui sifa ni ya nani. Kwa hiyo makadirio yote huvutwa kuelekea sifuri mpaka vipande vingi, mara nyingi vya misimu kadhaa, viyasukume mbali.

Jumapili ukitazama mechi, chagua mmoja asiyefunga sana. Kila akiingia na kutoka, andika matokeo. Fanya hivyo mechi kumi, halafu niletee karatasi.

Mjomba wako