Aksanti Mama wa Kadutu

Mama yangu, wewe uliyenisikia pale farmasi ya Kadutu, Bukavu, nikiulizia dawa ya samaki wetu wa kufugwa nyumbani aliyevimba tumbo, aksanti sana. Uliacha shughuli zako ukauliza kwanza: magamba yamesimama? Nilipojibu yamelala, ukasema huenda ni choo kimefunga tu. Nisimpe chakula siku 3, halafu nimpe njegere moja iliyochemshwa na kumenywa, vipande vidogo vidogo. Na chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti), siyo ya jikoni: kijiko cha chai kwa lita 4 za maji yaliyolala usiku kucha, nimweke humo dakika 15 kwenye beseni la pembeni. Alitoa uzi mrefu wa choo, tumbo likashuka! Binti yangu anakutaja katika sala zake. Mungu akubariki, Mama, pamoja na nyumba yako yote.