Barua ya malalamiko: ruta iliyofungwa nyuma ya kabati la chuma

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: MAWIMBI HAFIFU YA WAIFAI NYUMBANI KWANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimewapigia simu mara nne kuhusu tatizo hili, na mara zote nimeambiwa nizime ruta, nisubiri kidogo, niiwashe. Mara ya mwisho mhudumu alinieleza kwamba mtandao wenu hauna shida, mbovu ni laptopu yangu. Jibu hilo limeniuma, kwa sababu laptopu hiyo nimeipima.

Siku ya kufunga, fundi wenu aliiweka ruta stoo, nyuma ya kabati la chuma, kwa kuwa waya aliokuja nao uliishia hapo. Nilimwuliza kama mawimbi yatafika chumba ninachofanyia kazi. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye ruta, akapima kasi kwa simu yake, akanionyesha namba, akaaga. Chumbani hakutia mguu.

Laptopu yangu inatumia Windows. Nilifungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, nikaandika netsh wlan show interfaces, nikasoma mstari wa Signal, unaoonyesha nguvu ya mawimbi. Nikiwa stoo nilipata asilimia 99. Mezani kwangu, baada ya kuta mbili, asilimia 42, yaani takriban -79 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli; namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Hapo mkutano wa video unaganda, sauti zinakatika, na wenzangu wanabaki kuita jina langu. Nilipochomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, kasi yote ninayoilipia ilikuja. Laini yenu ni nzima, nalikubali hilo bila kinyongo. Mawimbi yanapotea kati ya kabati lile na meza yangu.

Nikaazima waya mrefu, nikaipandisha ruta juu ya rafu ya koridoni, nikarudi kupima. Asilimia 84, kama -58 dBm. Tofauti ya desibeli 21 ni nguvu zaidi ya mara 100. Laptopu ni ileile, meza ni ileile, hata kiti sikukisogeza. Ubovu wa laptopu uko wapi hapo? Waya nimeshaurudisha kwa mwenyewe, na ruta imerudi nyuma ya chuma.

Kuna jambo la pili. Waifai ya ruta yenu hurushwa kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na kila masafa yamegawanywa katika njia ziitwazo chaneli. Kwenye 2.4 GHz, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Mitandao ya majirani ninayoiona karibu yote iko chaneli ya 6, na ruta yenu imejazana humohumo, ilhali ya 11 iko wazi. Kuhama ni kazi ya dakika chache, lakini ukurasa wa mipangilio unadai nenosiri ambalo mnasema mteja hapewi. Kwa kufuli hilohilo siwezi hata kuutenganisha mtandao wa 5 GHz na wa 2.4 ili nijue laptopu imeshika upi.

Badala yake mlinishauri ninunue kifaa cha kuongeza mawimbi. Kifaa hicho hurudia kile kinachokipokea. Nikikiweka chumbani, ambako mawimbi yanafika hoi, kitasambaza unyonge uleule. Na kwa nini nigharamie makosa ya ufungaji wenu?

Naomba, ndani ya siku saba, mlete fundi mwenye waya wa kutosha aihamishie ruta koridoni, juu, mbali na kabati. Apime akiwa mezani kwangu, kwa laptopu yangu, na asiondoke kabla hatujasoma namba pamoja. Aihamishie chaneli ya 11, au mnipe nenosiri niihamishe mwenyewe. Naomba pia mfute kwenye kumbukumbu zenu maelezo kwamba kifaa cha mteja ni kibovu.

Nimeambatanisha picha za vipimo vyote vitatu: stoo, mezani, na mezani ruta ikiwa koridoni. Mchana wote huwa niko nyumbani. Fundi apige simu kabla ya kuja.

Wenu,
Mteja wa intaneti ya nyumbani