Barua kwa mwanangu: Dominika ya tamales

San Antonio, Texas

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, dada yako anakusalimu, na mguu wangu umetulia tangu nianze kuvaa soksi nzito. Nakuandikia kwa sababu juzi simu ilikatika nikiwa bado nimeng'ang'ania habari za safari, na ujumbe wa sauti ukizidi dakika moja wewe husikilizi. Kaa chini usome.

Dominika hii dada yako alikuwa zamu hospitalini tangu alfajiri. Parokia anayosali ni ya Kiingereza, iko ng'ambo ya barabara kuu, na mimi kuendesha gari sijui. Nikawa nimeshajiandaa kusali Rozari yangu sebuleni kama mgonjwa. Bibi wa nyumba ya tatu, yule tunayepungiana mikono asubuhi akimwagilia maua, akaniona nimesimama kibarazani nimevaa kitenge na mkoba begani. Akaegesha gari, akanionyesha rozari iliyoning'inia kwenye kioo, akafungua mlango wa abiria. Kiingereza chake kidogo, changu cha darasani, Kihispania sijui hata kuomba maji. Nikaingia.

Usifikirie hawa ni watu waliokuja jana. Mji huu ulianzishwa na Wahispania mwaka 1718, baadaye Texas ikawa sehemu ya Meksiko, ikajitenga mwaka 1836, na mwaka 1845 ikaingia Marekani. Wenyewe wana usemi wao kwamba hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Ukipita mitaa ya magharibi ya mji unasikia Kihispania kwa fundi wa matairi, kwa kinyozi, kwa watoto wanaogombania mpira, na wengi wao wamezaliwa hapahapa, na bibi zao pia.

Misa niliifuata bila shida. Utukufu haukuimbwa, padri kavaa zambarau, na Injili nilijua ni ya Yohane Mbatizaji kabla haijasomwa, maana Dominika ya pili ya Majilio ni yeye kila mwaka. Mahubiri nilikaa kimya nikitazama watoto. Kilichonishtua ni kwaya. Magitaa nilitegemea, na lile gitaa nene lenye tumbo kubwa wanaloliita guitarrón nililipenda palepale, lakini wakati wa matoleo vijana wawili wakainuka na tarumbeta! Nikasema moyoni, hawa ni Walutheri wa Machame wamejificha huku. Kisha wakapiga taratibu, kwa heshima kabisa, nikaona aibu kwa mawazo yangu. Na kutakiana amani, mwanangu, kulichukua muda karibu sawa na mahubiri. Watu walitoka kwenye mabenchi yao, wakavuka njia ya katikati, wazee wakawekewa mikono mabegani. Mimi sikuachwa na mtu.

Baada ya Misa ndipo mambo yenyewe yalipoanza. Kwa dada yako watu ni wazuri, mlangoni wanakushika mkono na kukuuliza unatoka wapi, ila padri akimaliza baraka ya mwisho nusu ya magari yameshawashwa. Siwalaumu, wana mbio zao. Huku hakuna aliyetafuta ufunguo wa gari. Wote walizunguka nyuma ya kanisa kwenye ukumbi, na harufu ikanipokea kabla sijaona meza. Utumbo! Supu ya utumbo wa ng'ombe, inaitwa menudo, nyekundu kwa pilipili, na ndani yake mahindi meupe makubwa yaliyokobolewa kama ya makande yetu. Kuna na nyama ya kichwa cha ng'ombe iliyopikwa usiku kucha mpaka inachanika yenyewe, wanaiita barbacoa. Ndicho chakula cha Jumapili cha mji huu, na desturi ni kukishushia na soda nyekundu iitwayo Big Red. Soda ni tamu kupita kiasi, sikuimaliza. Utumbo niliomba tena.

Nikiwa bado na bakuli mkononi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki wa kwetu, akanichukulia bakuli, akanifunga aproni, akanipa kijiko na kunikalisha kwenye meza ndefu katikati ya wanawake. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawana subira hiyo.

Kazi ilikuwa tamales. Desemba huwa wanakutana wengi kuzipika, kwa sababu mtu mmoja hawezi peke yake, na hizi zilikuwa za kuuzwa kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria wa Guadalupe. Nikueleze, maana wewe unapenda kujua kitu kinatengenezwaje. Mahindi yanachemshwa na chokaa mpaka ganda la punje linavuka, yanaoshwa, yanasagwa yakiwa bado na maji, unapata donge laini. Ile chokaa si ya urembo: inafungua lishe iliyo ndani ya hindi, ndiyo maana watu wa Meksiko walikula mahindi maelfu ya miaka bila kupata ugonjwa wa pelagra. Sisi tulipopata mahindi yao, ujuzi wa chokaa haukuja nayo. Hilo donge linapigwa na mafuta ya nguruwe. Unajuaje limekuwa tayari? Unachukua kipande kidogo unakidondosha kwenye glasi ya maji. Kikizama, endelea kupiga. Kikielea, tosha.

Kisha unachukua ganda la hindi lililolowekwa, upande laini juu, unapaka donge kwa mgongo wa kijiko, jembamba, ukiacha nafasi upande wa juu. Katikati nyama ya nguruwe yenye pilipili. Unakunja pande mbili, unakunja mkia, unasimamisha. Zile zangu za mwanzo yule mama alizifungua akanirudishia bila kusema neno. Za baadaye alizichukua, na bila neno pia. Kulia kwangu bibi wa jirani, kushoto msichana wa shule aliyenitafsiria kidogokidogo, mbele yangu mwanamke aliyelia kidogo akisimulia habari za mwanawe, na mimi sikuelewa mwanawe amepatwa na nini, nikamsogezea tu maganda yaliyolowekwa vizuri.

Hapa ndipo nilipokukumbuka wewe. Uliniambia Misa unakwenda lakini Jumuiya ya mtaani huendi kwa sababu hao watu huwajui. Mimi nilikaa pale saa nzima sijui jina la mtu hata mmoja, na sikujisikia mgeni, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Sikuandikii kukusema. Nafikiri hata Jumuiya zetu zina lawama. Mgeni anasimama, anajitambulisha, anapigiwa makofi, anakaa, na kuanzia hapo anabaki kutazama wenyeji wanavyopanga michango. Zilipoanza, nilipokuwa msichana, maaskofu walipozisisitiza mwaka 1976, pale kwetu tulikuwa tunakwenda kulima shamba la mjane kwanza, sala baadaye. Ukienda wiki hii, usingoje makofi. Waulize viti vinatoka nyumba gani, ukavibebe.

Turudi mezani. Sufuria ilipojaa, yule mwenyekiti aliweka sarafu chini kabisa, kwenye maji, chini ya kile kichujio. Nikadhani ni mambo ya uganga. Kumbe maji yakichemka sarafu inagongagonga, na ukisikia imenyamaza ujue maji yamekauka, ongeza kabla hazijaungua. Mimi nimepika miaka yote hii, hiyo sikuwa nayo.

Tamales zinachukua zaidi ya saa nzima kuiva, na katika saa hiyo walitoa rozari zao. Ukutani kuna picha kubwa ya Bikira wa Guadalupe, nyota kwenye joho, mwezi chini ya miguu. Wanasimulia kwamba Desemba ya mwaka 1531, kwenye kilima cha Tepeyac karibu na jiji la Meksiko, alimtokea mwenyeji mmoja wa kawaida, Juan Diego, akazungumza naye Kinahuatl, lugha ya nyumbani kwake, wakati waliotawala walikuwa wakizungumza Kihispania. Askofu akataka ishara. Juan Diego akafungua vazi lake, waridi zikamwagika, na sura ya Bikira ikabaki kwenye kitambaa. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2002. Msichana alinieleza yote haya kwa kunong'ona, akijivunia kana kwamba ni habari ya babu yake.

Tulisali Matendo ya Utukufu. Tendo la nne, Kupalizwa kwa Bikira Maria, mzee mmoja akaninyooshea mkono: wewe, kwa lugha yako. Nikaanza. "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe, umebarikiwa kuliko wanawake wote, na Yesu..." Ukumbi mzima ukanirukia: "Santa María, Madre de Dios!" Mimi bado nina mzao wa tumbo lako mdomoni. Nikanyamaza, nikawaacha wamalize. Ya pili, vilevile. Kumbe kwao jina la Yesu ndilo la mwisho katika sehemu ya kiongozi, wakilisikia tu wanajua ni zamu yao. Sisi tunamtaja kisha tunaendelea. Ya tatu nilijaribu kukimbia niwahi kabla yao, ikawa kama mbio za watoto wa darasa la kwanza, na wanawake wa meza yetu wakaanza kutetemeka mabega kwa kicheko cha kujizuia. Basi yule mzee akasimama, akainua kiganja juu kama askari wa barabarani. Nikasema Yesu, kiganja kikabaki juu. Mzao wa tumbo lako, kiganja juu. Amebarikiwa, akakishusha, na ukumbi ukaitikia kwa pamoja. Tukaenda hivyo mpaka ya kumi, yeye anashusha mkono, wao wanaitika, na sarafu inagonga chini ya sufuria.

Tangu nifike Marekani sikuwahi kusali kwa sauti namna ile.

Jioni yule mzee na mkewe walitupitisha kusini mwa mji, kwenye misheni ya zamani ya Espada. Ni mojawapo ya zile misheni za Wafransisko kandokando ya mto, ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Kanisa ni dogo, lina kengele tatu juu ya mlango, na mpaka leo ni parokia, watu wanasali. Lakini alichotaka nione kilikuwa mbele kidogo: mfereji. Maji yanatoka mtoni mbali, yanafuata mwinuko wa ardhi, na yakifika kwenye kijito yanapita juu yake kwa daraja la mawe lenye matao, lililojengwa karne ya kumi na nane, na bado yanapita, bado yanamwagilia mashamba.

Mfongo, mwanangu! Mfereji wetu wa mlimani, mfongo mtupu. Babu yako mzaa mama alikuwa mmoja wa wazee wa mfongo wa kitongoji chetu, anajua siku ya kila mtu kupata maji, na asiyefika kuzibua alitozwa pombe. Nikamweleza mzee kwa vidole na kwa kijiti mchangani jinsi tunavyotoa maji mlimani yakashuka mgombani. Alielewa mara moja. Akaniambia mifereji hii ilichimbwa na wenyeji wa asili chini ya mapadri, na wengi wao walikufa kwa magonjwa yaliyokuja na wageni. Wazao wao wapo, wengine walikuwa nasi ukumbini kule asubuhi. Hilo alilisema bila kuficha na bila kulipamba, nikamheshimu kwa hilo, kwa sababu kwetu ukiuliza habari za misheni utasikia shule na hospitali, na nani aliyebeba mawe ni shida kumpata wa kukuambia.

Nimerudi usiku na tamales kwenye mfuko, dada yako kazila akiwa amesimama bado na sare.

Sasa sikiliza, nina shida. Alfajiri ya tarehe 12 wanakwenda kumwimbia Bikira kabla jua halijatoka, nyimbo wanaziita mañanitas, kisha chakula, na mimi nimeambiwa nilete cha kwetu. Nimesema mtori kabla sijafikiri. Nyama ipo, vitunguu vipo, ndizi mbichi nimeziona kwenye maduka yao, kubwa, ndefu, zenye ngozi ngumu, lakini mshare, ndizi yetu ya mtori, si hizi. Nenda kwa mama mkubwa, au mpigie ile namba mpya, muulize kama ndizi ya namna hiyo italainika ikapondeka au itabaki kamba. Na niweke maziwa mwanzo au mwisho, kwa sababu nasikia ndizi ngumu zinayakata. Anijibu kabla ya Alhamisi, maana dada yako anakwenda dukani Alhamisi tu, na ndizi za huku ukizilaza siku tatu zimeshaiva.

Mama yako