Mpwa wangu, waondolee ngoma kwanza

Mpwa wangu,

Habari za tangu Jumapili. Pale kwenu Kayole uliniuliza swali nikiwa na sahani ya pilau mapajani, nikakujibu kwa sentensi moja, halafu mama yako akaleta chai na mazungumzo yakageukia mambo ya shamba. Tangu siku hiyo swali lako halijanitoka. Nakuandikia hadharani kwa kuwa wapo vijana wengine hapa Nairobi waliopewa madarasa kama lako, na sina namna ya kuwaketisha wote sebuleni kwangu.

Ulisema umekabidhiwa vijana tisa, kila Jumamosi, na kwamba hawataki tena kufundishwa kusindikiza kwaya. Wanataka gitaa la besi lisimame peke yake mbele ya watu. Wanataka kuligonga shingo kwa mikono miwili, kulipiga kwa dole gumba, kulitoa sauti za juu zisizofanana na besi hata kidogo. Ukaniuliza, "Mjomba, nianzie mbinu gani?"

Usianze na mbinu hata moja. Anza kwa kuwaondolea kitu.

Hicho kipigo cha dole gumba wanachokililia kilizaliwa na upungufu. Larry Graham alikuwa kijana akipiga katika bendi ya mama yake kule California, mpiga ngoma akaondoka, wakabaki bila ngoma. Akabaki na mapengo mawili ya kuziba: mdundo mzito wa ngoma ya mguu na mlio mkali wa sneya, ile ngoma ndogo ya kuchapwa kwa fimbo. Basi pale palipostahili ngoma ya mguu akaupiga uzi mnene kwa dole gumba, na palipostahili sneya akauchomoa uzi mwembamba kwa kidole ukarudi kuchapa shingo ya gitaa. Baadaye dole gumba hilo likasikika dunia nzima alipokuwa na bendi ya Sly and the Family Stone. Mwanafunzi anayefundishwa kipigo hicho huku mpiga ngoma yupo pembeni anatwanga atajua mkono unakwendaje, lakini hatajua unakwenda kufanya nini. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza mpe mpiga ngoma ruhusa aende zake. Wape wimbo wanaoujua tangu utotoni na uwaambie: watu wacheze, na hakuna ngoma.

Na usikubali waseme haya ni mambo ya Marekani. Mara ya kwanza nilipomwona mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, kwa karibu nilikuwa kwenye ngoma za asili pale Bomas, nina umri kama wako, na nikakaa upande wa mguu wake wa kulia makusudi. Nyuzi nane zinachezwa na vidole. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, na kwa pete hiyo anagonga chombo chake. Mguuni amefunga njuga, gara, zinazolia kila anapoutikisa. Juu ya yote anaimba. Mtu mmoja, kigoda kimoja, na hakuna pengo. Kule Kisii wana obokano, ndugu mkubwa wa nyatiti, mwenye nyuzi nane pia lakini sauti yake iko chini na inavuma kama mzinga wa nyuki uliochokozwa. Ule mvumo ambao mwalimu wa gitaa angeuita kasoro na kutafuta bisibisi, wao ndio wanaoutaka. Wapeleke wanafunzi wako wakamwone mpiga nyatiti kabla hawajagusa amplifaya. Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikaanza kugonga mwili wa besi yangu kwa kifundo cha kidole, na hadi leo sijaacha.

Niliacha kwa muda, kusema kweli, na nitakueleza kwa nini. Nilikuwa na mwalimu, jina lake si la kutajwa hapa, aliyekuwa akinichapa rula kwenye vidole kila nilipogonga ubao au kugusa uzi nyuma ya daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa. "Besi si ngoma," alikuwa akisema. Alinifundisha kusoma noti na namshukuru kwa hilo. Lakini miaka minne baada yake mkono wangu wa kulia uliogopa kutoka pale alipouweka. Nawe utakuwa na mwanafunzi atakayetoa sauti mbaya kwa bahati mbaya: kucha imekwaruza uzi, kiganja kimeuzima kabla ya wakati. Muulize kama anaweza kuitoa tena. Akiweza mara tatu mfululizo, hiyo ni mbinu tayari, na ni yake.

Kuhusu kuondolewa kitu, stima ndiyo iliyonifundisha kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nafundisha kwenye chumba cha nyuma pale Buruburu, wanafunzi wanne, saa moja jioni, stima ikapotea. Gitaa la besi la umeme bila amplifaya halisikiki hata hatua tatu. Niliwaambia wasifungashe. Tukakaa gizani, kila mmoja akipiga polepole na kuinamisha kichwa kusikia chake. Kijana mmoja akachoka kukaa, akasimama, akaegemeza kichwa cha gitaa lake kwenye mlango wa mbao, na mlango wote ukaanza kuimba. Nakwambia mlango uliimba! Ubao ule mpana ulichukua mtetemo wa nyuzi ukausambaza chumbani kote. Dakika iliyofuata wote wanne wamesimama, mmoja mlangoni, mmoja kwenye kabati, mmoja mezani, wa nne anazunguka akitafuta mbao yake. Waligundua kwamba kabati tupu linapenda noti za chini na meza inapenda za kati. Stima iliporudi hakuna aliyetaka kuchomeka waya. Siku hizi nazima umeme mwenyewe, dakika kumi na tano za kila somo.

Sasa nikueleze zile sauti za juu, kwa sababu hapo ndipo ningekaa mwezi mzima kama darasa lingekuwa langu. Jina lake ni hamoniki, darasani kwangu tunaziita kengele.

Wanafunzi wako wanaijua besi kwa njia ya simu. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu, kidude cha ukubwa wa ukucha, haiwezi kuutoa mtetemo huo ukasikika. Wanachokisikia ni watoto wa noti hiyo, yaani mitetemo ya juu inayolia pamoja nayo: 82, 124, 165, 206, na kuendelea juu. Ubongo ukisikia watoto waliopangana hivyo unamjua mama yao hata kama hayupo. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kuimba mstari wa besi alioupata kwenye simu isiyotoa besi. Ndiyo maana pia wanapenda kipigo cha dole gumba kupita kiasi: ule mkwaruzo na mchapo uko juu, simu inautoa bila shida, basi wanaamini besi ni hiyo. Wapandishe matatu yoyote ya Rongai yenye spika kubwa chini ya viti wamsikie mama mwenyewe mapajani. Halafu warudi, uwafundishe kuwatoa watoto mmojammoja.

Chukua besi yako ufuatane nami. Uzi una urefu wa milimita 864 hivi, kutoka daraja hadi pale unapoingilia kichwani. Weka kidole juu ya freti ya 12, kile chuma cha kumi na mbili kinachokata shingo, juu ya chuma chenyewe, si nyuma yake kama ulivyozoea. Usibonyeze. Guso lako liwe kama unapima joto la uji wa mtoto. Piga uzi karibu na daraja, na mara tu umepiga, inua kidole. Umeugawa uzi nusu kwa nusu, na umesikia 82. Sogea freti ya 7, theluthi ya uzi, utapata 124. Freti ya 5, robo, 165. Hadi hapo kila mtu anafurahi.

Kisha waambie watafute sehemu ya tano. Watagusa freti ya 4 na uzi utatoa kifo, tap, basi. Wengi hufunga begi hapa. Kengele ya tano iko milimita 173 kutoka kichwani, na chuma cha freti ya 4 kiko milimita 178. Ni tofauti ya milimita tano, chini ya upana wa penseli. Kidole kirudi kidogo sana kuelekea kichwa. Usiwaambie kipimo hicho! Mimi nimekuambia wewe kwa sababu wewe ni mwalimu. Wao waache watambae polepole na kidole huku mkono wa kulia unapiga, hadi sauti ifunguke yenyewe. Nimemwona msichana wa miaka kumi na minne akitafuta kwa dakika saba, na ilipofunguka aliutoa mkono kwenye gitaa akajishika shavu.

Atakuja mwenye sikio zuri akwambie kengele hiyo iko chini kidogo ukilinganisha na piano. Yuko sawa. Iko chini kwa karibu sehemu moja ya saba ya nusu toni. Mwambie uzi haujakosea, ni piano iliyosogezwa ili iweze kupiga nyimbo katika funguo zote kumi na mbili za muziki. Akishaelewa hilo, mwonyeshe alichofanya mpiga besi Jaco Pastorius mwaka 1976 katika albamu yake ya kwanza, kipande karibu chote kimejengwa kwa kengele hizi kwenye gitaa la besi lenye nyuzi nne. Asionyeshwe kabla ya hapo. Akionyeshwa mapema ataiga vidole na sikio litabaki nje.

Nyuzi zilizokufa hazitoi kengele, na najua vijana hao hawana pesa za nyuzi mpya kila mwezi. Zifungue, zikunje duara, zichemshe kwenye sufuria dakika kumi, uzifute na kuzianika zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Jasho na uchafu uliojificha kwenye mizunguko ya chuma hutoka, na mng'ao unarudi kwa siku chache. Sufuria hiyo isirudi jikoni kwa dada yangu, tafadhali.

Kugonga shingo kwa mikono miwili, wafundishe, lakini kwa kipimo. Dakika kumi, kisha mikono ipumzike. Nimewahi kumwachia mwanafunzi agonge saa nzima kwa sababu alikuwa anafurahi nami nilikuwa najivunia, na wiki iliyofuata hakuweza kushika kikombe bila maumivu ya mkono. Alipona, lakini ni mimi niliyekuwa mwalimu chumbani. Maumivu yakianza, somo limeisha.

Watakwambia pia kwamba kupiga peke yako maana yake ni kasi. Wasikilizishe Barre Phillips. Mwaka 1968 Mmarekani huyu aliingia kanisani London na besi ya kusimama, hana bendi, hana noti zilizoandikwa, akarekodi. Mtunzi mmoja alitaka kanda zile ziwe malighafi ya muziki wa elektroniki, lakini alipozisikia akaona hazihitaji kuongezewa kitu, zikatolewa kama zilivyo. Yeye naye aliondolewa kila kitu, akabaki na upinde, vidole, ubao, na muda wa kusubiri sauti iishe kabla ya kuita nyingine. Huko kusubiri ndiko kugumu kwa kijana wa Nairobi, na ningekuomba ukufundishe kwa makusudi: mwanafunzi apige noti moja, na asiruhusiwe kupiga ya pili hadi ya kwanza imezimika kabisa. Utashangaa inakaa muda gani.

Kuna jambo moja tu ambalo hatukukubaliana Jumapili na bado sijabadilika. Ulisema hao tisa waache kwanza kwaya ili wapate muda wa haya. Hapana. Wabaki kwaya. Mpiga besi asiyejua kubeba sauti za wengine akisimama peke yake hana anachokikumbuka, na kengele zake zitaning'inia bila ukuta. Jumamosi wawe peke yao, Jumapili wawe chini ya kwaya, na mwimbaji wa kwanza akikwambia besi inasikika tofauti siku hizi, uniambie.

Jumamosi ijayo nitakuja mwenyewe asubuhi. Wanamuziki wa kidumbak kule Zanzibar hupiga besi inayoitwa sanduku: sanduku la mbao, fimbo na uzi mmoja, na noti hubadilika kwa kuivuta fimbo. Hakuna freti, hakuna sumaku, hakuna waya. Nimepata sanduku zuri la mbao nyembamba kwa fundi mmoja Kariokor. Wewe leta mpini wa fagio na ule uzi wako mkuukuu wa E, usiutupe. Hao tisa tutawapa chombo kimoja, tukae pembeni tusikilize.

Mjomba wako.