Lenzi ya sklera: kwa nini vipimo vinalipiwa kando

Lawama ya wanaotaka lenzi ya sklera, yaani lenzi kubwa ya kuvaa jichoni, ni ileile: "Nimelipia kupimwa, nimelipia lenzi, na bado mnasema nirudi?" Wengine huja na karatasi ya namba za miwani, wamekwisha kuona bei nafuu mtandaoni, wanataka tuwaagizie hivyo hivyo. Hatuagizi.

Namba za miwani zinaeleza nguvu ya kioo tu. Hazisemi konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, imechongoka kiasi gani wala weupe wa jicho umelala vipi. Na lenzi ya sklera hukaa kwenye huo weupe. Konea yenyewe haiigusi kabisa, kati yao kuna maji. Ndiyo maana inawafaa wenye keratokonasi (konea iliyochongoka kama pia), waliopandikizwa konea, na wenye macho makavu kupita kiasi.

Ada ya vipimo inalipia kazi hii. Tunachukua lenzi ya majaribio, tunaijaza selaini (maji ya chumvi safi) hadi pomoni pamoja na fluresini, rangi inayong'aa kijani, unainama mpaka uso utazame sakafu, kisha inapandishwa wima. Povu likiingia, tunatoa na kuanza upya. Halafu tunamulika kwa mwale mwembamba wa hadubini na kulinganisha tabaka la kijani na unene wa lenzi. Lenzi ikiwa na unene wa mikroni 300 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na maji yakalingana nayo, nafasi kati yake na konea ni 300.

Hapo mteja hunyanyuka akidhani tumemaliza. Kumbe lenzi inazama. Baada ya nusu saa tunapima tena, na kwa saa kadhaa inaweza kushuka mikroni 100 au zaidi. Kwa hiyo twaanza na 300 hadi 400 ili mwishoni ibaki 200 na kitu. Ikiwa chini mno, itagusa kilele cha konea. Ikiwa juu mno, oksijeni inapungua. Hata nguvu ya kuonea hatuipimi kabla lenzi haijatulia.

Ukingo ndio unaotusumbua zaidi. Weupe wa jicho hauko sawa pande zote, upande wa puani hutofautiana na wa sikioni. Ukingo ukibana, mishipa midogo chini yake inakuwa myeupe. Ukiinuka, kope zinaukwaruza na povu linapenya. Ubaya ni kwamba lenzi inayobana huweza kuwa starehe kwanza. Mteja mmoja wa Igoma aliyeagiza kwingine kwa namba za miwani aliisifu yake wiki nzima, ingawa kila akivua jicho lilikuwa jekundu, na duara la ukingo limebaki limechorwa. Alilipa lenzi ya pili.

Njia nyingine ya mkato ni maji ya kujazia lenzi. Dripu ya selaini ya nusu lita ni nafuu, kweli, na haina kihifadhi. Lakini kwa sababu hiyohiyo, ikishafunguliwa vijidudu hawana wa kuwazuia. Tumia vichupa vya mara moja, kinachobaki mwaga. Maji ya bomba, ya kuchemsha au ya ziwa yasiguse lenzi wala kipira cha kunyonya cha kuvulia lenzi: kuna amiba anayeishi majini anayeitafuna konea, na kumtibu huchukua miezi. Kipira nacho kibandike karibu na ukingo. Ukikibandika katikati utavuta jicho zima.

Kuhusu kurudi: tunataka kuona lenzi ikiwa imevaliwa kwa muda wa saa nne au zaidi, siyo ikiwa kwenye kiboksi. Wa Nansio, vaeni nyumbani kabla ya kwenda kupanda kivuko. Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 mnafika Mwanza upesi mno, basi vaeni alfajiri. Ukiona ukungu kwenye lenzi mchana, andika saa ulipoanza. Utatusaidia kujua kama tubadili ukingo au tupunguze maji. Usiku, vua. Jicho likiuma, likiwa jekundu au uoni ukififia ghafla, vua na uje siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya miadi.