Uso wa tatu ndio niliouacha ukutani

Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya mifarishi ya picha, ile ambayo vipande vya nguo hupangwa mpaka vikawa mtu, mti au ndege. Picha mliyochapa ni nzuri mno. Lakini mwandishi alisema kazi hii inamtaka mtu aliyezaliwa na jicho la mchoraji, na hapo ndipo ninapoomba nafasi nimpinge.

Mimi ni fundi cherehani wa miaka 22. Kuchora sijui. Mwaka jana nilianza kumshona marehemu mama yangu, ameketi dirishani akitunga uzi kwenye sindano. Ilinichukua miezi saba, na uso wake niliushona mara tatu.

Uso wa kwanza niliukata kwa kahawia tatu nilizodhani zinafanana na ngozi yake. Mezani zilipendeza. Nilipoutundika na kurudi nyuma hatua sita, pua ilipotea, mashavu yakawa kiraka kimoja. Nikaupiga picha kwa simu, nikaigeuza iwe ya nyeusi na nyeupe, nikaona kosa: rangi zilikuwa tatu, lakini giza lake lilikuwa moja. Tangu hapo sichagui kitambaa kwa jina la rangi, bali kwa giza lake. Kivuli cha chini ya kidevu cha mama ni zambarau iliyoiva, na kwenye paji la uso kuna kipande cha manjano iliyofifia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini mama ana zambarau shingoni.

Uso wa pili ulitoka vizuri, nami nikajivunia. Dada yangu akaja, akasimama mbele yake kimya, kisha akasema, "Anafanana na mama, lakini si mama." Maneno hayo yaliniuma. Siku mbili nilipima macho, nikapima mdomo, sikuona kitu. Siku ya tatu nikaitazama sindano: ilikuwa mkono wa kulia. Mama alikuwa mashoto! Ile karatasi ya gundi ya pasi, ninayobandikia vipande, huchorwa upande mmoja, ikabandikwa nyuma ya kitambaa, na kipande kikigeuzwa na picha nayo imegeuka. Ukiisha kuipiga pasi, haibanduki bila kuharibu kitambaa. Nikaanza upya, safari hii nikiuweka mchoro kwenye kioo cha dirisha na kuufuatisha kwa nyuma.

Uso wa tatu nao ulitaka kuniponyoka wakati wa kuunganisha matabaka, yaani picha juu, pamba katikati, kitambaa cha chini. Nilishusha meno ya cherehani, yale yanayovuta kitambaa, ili nizungushe kazi nitakavyo, nikajaza mashavu mistari ya karibu karibu, na ukuta nyuma ya mama nikaupitishia michache tu. Penye mishono mingi kitambaa kilijikunja, penye michache kikavimba, na kingo zote zikawa mawimbi. Nilifumua jioni tatu. Kisha nikaanzia katikati kwenda nje, na ukuta nao nikaujaza sawa na uso. Kazi ilinywea karibu sentimita 4, na ningekuwa sikuacha ziada pembeni, pindo lingekula nusu ya dirisha.

Harriet Powers, mshonaji wa mifarishi ya picha, alizaliwa utumwani huko Georgia, Marekani, mwaka 1837. Mfarishi wake wa hadithi za Biblia, wa miaka ya 1885 na 1886, umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa, Washington. Una visanduku 11 vya picha, na upana wa visanduku hivyo haulingani. Mimi nikivitazama namwona mtu aliyekuwa akiamua huku anashona, mkasi mkononi.

Ndiyo maana naumia kuona mnachapa kazi iliyokamilika peke yake. Kijana mwenye cherehani akiona picha ile na kusoma maneno yale, atafunga mkasi wake kabla hajakata kipande cha kwanza. Mara nyingine muulizeni fundi kilichoharibika kiko wapi, mkipige picha nacho, na upande wa nyuma wa kazi msiusahau, maana huko ndiko mafundo yaliko.

Nyuso zangu mbili za kwanza ninazo bado, zimekunjwa ndani ya foronya. Mkizitaka, nitawaletea.

Fundi cherehani, msomaji wenu